SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI: KIPIMO CHA HAKI UGENINI

Maandiko ya kusoma: Mambo ya Walawi 19:33-36, Kumbukumbu la Torati 25:13-19, Amosi 8:4-7, Luka 19:1-10.

Lengo la somo: Kila familia ichunguze namna inavyouza, inavyonunua, inavyokopa na inavyolipa, na ijue kwa nini Mungu alimwagiza mgeni kuwa na mizani ya haki.



Somo la toleo hili tumeliandaa hapa Kyebando, Kampala, kwa ajili ya familia zetu zilizoko mjini na zile zilizoko kambini Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali. Tunajua kwamba familia nyingi zina mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Baba yuko kambini analima, mama yuko mjini anazungusha vitenge. Au mama yuko kambini na watoto, na kijana mkubwa yuko Kyebando anauza viatu barabarani. Kwa hiyo jambo la biashara linatuhusu sote, hata yule anayesema, "Mimi si mfanyabiashara." Ukiuza nusu debe la mahindi ya mgao ili upate sabuni, umeshafanya biashara.

1. HALI YETU

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kufanya biashara. Tumshukuru Mungu kwa hilo, maana ziko nchi ambako mkimbizi hukamatwa kwa kuuza nyanya. Lakini haki hiyo ina upande wake wa pili. Anayechagua kukaa Kampala kwa kawaida hapati mgao wa chakula, anatazamiwa ajitegemee. Na hata kambini, tangu mwaka 2020 mgao umepunguzwa mara kadhaa, na familia nyingi zimeondolewa kabisa kwenye orodha.

Ndiyo maana tumeingia sokoni. Hapa Kyebando wengi wetu tunachukua bidhaa Kalerwe, tunauza mkaa, maharage, dagaa na posho mbele ya nyumba. Wengine wanashuka mjini hadi Kikuubo au soko la Owino kuchukua mali ya kuzungusha. Wako washonaji, wasusi wa nywele, watengeneza shanga, na vijana wa boda boda.

Mtaji wetu ni mdogo. Benki inaomba dhamana ya ardhi au hati ambazo hatuna. Mkimbizi anachobaki nacho ni jina lake. Mwenye duka la jumla akikuamini, atakupa mali kauli leo, ulipe Jumamosi. Jirani akikuamini, atatuma mtoto dukani kwako badala ya kuja mwenyewe. Jina likiharibika, hakuna ofisi inayotoa jingine. Tena jina letu halituharibikii mmoja mmoja. Mkongomani mmoja akidanganya kwenye kitenge, siku ya pili mteja atasema, "Hawa Wakongomani ndivyo walivyo." Dhambi ya mmoja inalipwa na mama kumi wasiohusika.

Lakini tusijenge somo hili juu ya hofu ya watu. Kuna sababu ya ndani zaidi, nayo imo katika Neno.

2. KWA NINI MUNGU ALIWEKA MIZANI KARIBU NA MGENI

Fungueni Walawi 19. Katika mstari wa 33 na 34 Mungu anawaagiza Israeli wasimwonee mgeni anayekaa kati yao, bali wampende kama nafsi zao, kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri. Sisi wakimbizi tunaupenda mstari huu. Tunausoma kwenye mikutano, tunautaja tunapozungumza na wenyeji wetu.

Sasa endeleeni kusoma. Mstari unaofuata mara moja, wa 35, unazungumzia nini? Unazungumzia vipimo vya urefu, vya uzito na vya ujazo. Mungu anataka mizani ya haki, mawe ya haki, vipimo vya haki. Na sababu anayoitoa katika mstari wa 36 ni kwamba yeye ndiye aliyewatoa Misri. Amri hizo mbili zimesimama juu ya msingi mmoja. Asiyetaka mgeni aonewe ndiye huyo huyo asiyetaka debe lipunguzwe.

Maana yake kwetu ni kubwa. Hatuwezi kuchukua mstari wa 34 tukauacha wa 35. Hatuwezi kumwambia mwenye nyumba, "Usinionee, mimi ni mgeni," kisha tukageuka na kumwuzia mtoto wa jirani mkaa kwenye kopo lililobonyezwa chini. Aliyeonja kuonewa ndiye anayejua ladha yake, na kwa sababu hiyo Mungu anamdai zaidi.

Nendeni pia Kumbukumbu la Torati 25. Kuanzia mstari wa 13 Mungu anakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, au kuwa na vipimo viwili nyumbani. Kubwa ni la kununulia, dogo ni la kuuzia. Halafu, kuanzia mstari wa 17, anawakumbusha habari za Amaleki. Amaleki alifanya nini? Aliwavizia Israeli njiani, akawapiga wale waliobaki nyuma, waliokuwa wamechoka na kudhoofika.

Je, ni kwa bahati tu kwamba habari hizo mbili zimekaa jirani? Wengi wetu tumetembea njia ile. Tunawajua waliobaki nyuma: wazee, wajawazito, watoto wenye homa. Tunawajua pia waliowavizia. Basi mtu anayempunja mjane kwa kopo dogo anafanya kazi ile ile ya Amaleki, ingawa hana silaha mkononi. Anampiga aliyechoka.

3. SURA TATU ZA KIPIMO CHA UONGO

(a) Kopo

Kule kwetu tumezoea kupima unga na maharage kwa kopo la guigoz au kwa mironko. Hapa Uganda kuna debe, kuna kikombe cha tumpeco cha nusu lita, na kuna mafungu ya nyanya na viazi yanayopangwa chini. Vyombo hivi havina ubaya wowote. Ubaya ni ule ujanja tunaoujua sote: kopo lililogongwa kitako kikaingia ndani, kitambaa kilichowekwa chini ya debe, vipande vizuri vya mkaa juu na vumbi katikati, nyanya nne nzuri zikificha mbili zilizooza. Nabii Amosi, katika sura ya 8, alikwisha kuona biashara hiyo: kupunguza kipimo, kuongeza bei, na kumwuzia maskini makapi ya ngano.

Tuchukue mfano. Tuseme kitako kilichogongwa kinapunguza kopo kwa sehemu moja ya kumi. Mteja haoni. Lakini mama anayenunua kopo moja la maharage kila siku, katika siku 30 ameibiwa makopo 3 kamili. Hiyo ni siku tatu watoto wake hawakula maharage, naye hajui yalikokwenda. Na angalieni ni nani anayeibiwa. Mwenye fedha hanunui kwa kopo. Ananunua gunia zima, tena linapimwa kwenye mizani. Anayenunua kwa kopo ni yule ambaye leo ana shilingi za leo tu. Kopo la uongo linamtafuta maskini kuliko wote.

Kipimo cha uongo hakiko kwa muuzaji peke yake. Yuko pia mnunuzi. Kambini, siku ya mgao au siku ya mavuno, wanakuja wanunuzi, na baadhi yao ni ndugu zetu wenye mtaji kidogo. Wananunua mahindi kwa debe lililojazwa hadi kufanya kilima, kisha wanayauza kwa debe lililopigwa ubao juu. Hayo ndiyo mawe mawili ya Kumbukumbu 25. Tanzania wana neno lake, lumbesa, yaani gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima atoe zaidi kwa bei ile ile. Wakala wa Vipimo wa nchi hiyo umekuwa ukipambana na lumbesa kwa miaka mingi. Kenya nayo, kwa kanuni za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, ili mkulima asiendelee kunyonywa. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi wa namna hiyo: mbele ya muuzaji anaiponda mali, akiondoka anajisifu.

(b) Neno

Kipimo cha pili ni maneno tunayoyasema juu ya bidhaa. Tuzungumze wazi juu ya vitenge, maana ndiyo biashara ya dada zetu wengi.

Kitenge kinachoitwa Hollande kina historia yake. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi, na kitambaa chake kimejulikana Afrika Magharibi na Kongo kwa vizazi vingi kwa sababu rangi yake haitoki. Siku hizi viwanda vya Asia vinatengeneza vitenge vya maua yale yale kwa bei ndogo. Kuuza kitenge cha bei ndogo si dhambi. Mama mwenye fedha kidogo naye anastahili kupendeza Jumapili. Dhambi inaingia pale unapokiita Hollande na moyoni unajua sicho. Dada, sema tu, "Mama, hiki si Hollande, lakini ni kizuri kwa bei yake, kifue kwa maji baridi." Labda leo utauza kimoja badala ya viwili. Lakini hutajificha ukimwona mteja huyo kanisani.

Hali kadhalika urefu. Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Anayekata mita 5 na kusema ni yadi 6 amemwibia mwenzake karibu nusu mita, na fundi ndiye atakayegombezwa kwamba ameiba kitambaa.

Hapa watu huuliza: Je, kutaja bei ya juu ili tupatane ni uongo? Tunajibu kwamba kuna tofauti. Bei iko wazi mbele ya wote wawili. Mteja anaisikia, anaweza kukataa, anaweza kutaja yake, anaweza kwenda kwa jirani. Kipimo na ubora vimefichika. Mteja anakuamini wewe. Kwa hiyo kupatana bei kunaruhusiwa, mradi usimfanye mtu mjinga kwa sababu ni mgeni sokoni, hajui lugha, au amekuja mbio kwa sababu mtoto anaumwa. Ukijua kwamba mwenzako hana njia nyingine, na ukapandisha bei kwa sababu hiyo, hapo hakuna mapatano tena. Umemkaba.

(c) Ahadi

Kipimo cha tatu kinaumiza wengi kwa mara moja, nacho mara nyingi kinaingia kupitia makanisani. Ni ahadi ya fedha zinazozaa bila kazi.

Tanzania kulikuwa na DECI. Watu waliambiwa "wapande mbegu" na baada ya muda "watavuna" mara mbili au zaidi. Lugha ilikuwa ya Biblia, na wachungaji walikuwamo katika uongozi wake. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, viongozi wakafikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, na mwaka 2013 wanne kati yao walitiwa hatiani. Kenya, kikosi kazi kilichochunguza michezo ya aina hiyo kilieleza mwaka 2009 kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya. Hapa Uganda, mwaka 2007 kulikuwa na COWE, iliyojitambulisha kwa jina la kuwatunza yatima, wajane na wazee. Na mwezi Desemba 2019 ofisi za Dunamiscoins zilifungwa ghafla, maelfu ya watu wakabaki mlangoni, kati yao vijana walioajiriwa kuwaleta wenzao. Ona majina hayo: moja linataja yatima na wajane, jingine linatumia neno la Kigiriki la Agano Jipya lenye maana ya nguvu. Jina zuri si ushahidi.

Namna mchezo huu unavyofanya kazi ni rahisi kueleza, na wazazi wawaeleze watoto. Hakuna biashara ndani yake. Fedha ya anayeingia leo ndiyo anayolipwa aliyeingia jana. Kama kila mtu lazima alete watu 2, basi mtu 1 analeta 2, hao wanaleta 4, hao 8. Katika hatua ya 10 wanahitajika watu 1,024. Katika hatua ya 20 wanahitajika zaidi ya milioni moja. Katika hatua ya 26 wanahitajika zaidi ya milioni 67, na sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46 katika Uganda nzima. Kwa hiyo mchezo lazima uanguke. Si kwa sababu watu hawakuwa na imani, bali kwa sababu ya hesabu. Na ukianguka, walio wengi ni wale wa chini, walioingia mwisho kwa kumwamini ndugu yao.

Tusichanganye mchezo huo na likelemba yetu. Katika likelemba watu wanajuana, kila mmoja anatoa kiasi kile kile, zamu inajulikana, na hakuna anayeahidiwa zaidi ya jumla ya walichochanga. Huo ni msaada wa kweli, na wengi tumepata mtaji kwa njia hiyo. Lakini nayo ina kipimo chake: anayepokea zamu ya kwanza kisha akahamia kambini au akabadilisha namba ya simu, amewaibia dada zake.

Basi shauri letu kwa kila kikundi ni hili. Mtu akikuletea mpango wa fedha, muulize maswali matatu. Fedha hiyo inatokana na kuuza kitu gani au kazi gani? Nikitaka changu kesho, nakipata wapi? Je, nalipwa kwa kuleta watu? Akikasirika kwa sababu umeuliza, umeshapata jibu. Na viongozi wa kanisa wasiruhusu mimbari itumike kutangaza mipango hiyo, hata kama anayeitangaza ametoa sadaka kubwa.

4. "LAKINI SISI NDIO TUNAOONEWA"

Tunajua neno hili litasemwa, na lina ukweli ndani yake. Mwenye nyumba anasikia lugha yako, anapandisha kodi. Mteja anachukua kitenge kwa mkopo, halafu anakuambia nenda popote unapotaka. Bidhaa zinachukuliwa katika misako dhidi ya wanaozungusha mali barabarani, kama ile ya Januari 2022 jijini Kampala, ambayo iliwakumba wenyeji na wageni pamoja. Jirani anayeuza mkaa kwa kopo lililogongwa anauza kwa bei ya chini kuliko wewe, wateja wanamkimbilia yeye, na watoto wako wanalala na uji.

Hatutawaambia kwamba ukiwa mwaminifu utatajirika mwezi huu. Biblia haisemi hivyo, na maisha hayaonyeshi hivyo kila mara. Wako waaminifu wanaobaki na mtaji mdogo miaka mingi. Lakini tutafakari mambo mawili.

Kwanza, yule unayempunja siye aliyekuonea. Mwenye nyumba aliyepandisha kodi hanunui maharage kwa kopo lako. Anayekuja kwako ni mama mwingine mpangaji, naye amepandishiwa kodi hiyo hiyo. Tukisema tunarudisha haki yetu kupitia kwake, tumemhamishia mzigo aliye chini yetu, naye atamhamishia aliye chini yake, mpaka umfikie mtoto. Mahali fulani lazima mtu aseme, "Mzigo huu haupiti hapa."

Pili, tunaweza kusaidiana ili uaminifu usimwangushe mmoja peke yake. Mama mmoja mwenye kopo kamili atashindwa na jirani. Lakini mama kumi wa kikundi kimoja wakikubaliana juu ya kopo moja, wakalipima kwa maji ili kuhakikisha ujazo wake, wakawekeana alama, wateja watajifunza haraka. Mweleze mteja: "Bei yangu imezidi kidogo, lakini angalia kitako cha kopo, na pima mwenyewe." Anayeuza kwa mizani aangalie kama imehakikiwa na ina kibandiko cha shirika la viwango la Uganda, UNBS, kisha aiweke mahali mteja anapoweza kuisoma. Watu wanaohesabu kila shilingi wanajua kuhesabu; wakionyeshwa, wataelewa.

Na tunapodhulumiwa sisi, tusinyamaze kana kwamba hatuna haki. Andika mikopo yote kwenye daftari, mteja atie sahihi au alama ya kidole. Omba risiti ya kodi ya nyumba. Kesi ndogo ipelekwe kwa mwenyekiti wa LC1. Ikiwa ni kati yetu waumini, wazee wa kanisa waisikilize mapema, kabla haijawa chuki.

5. MSHAHARA WA ALIYEKUSAIDIA

Katika sura ile ile ya Walawi 19, mstari wa 13, Mungu anakataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri wake hadi asubuhi. Kumbukumbu 24:14-15 inaongeza kwamba kibarua huyo awe ndugu au awe mgeni, na alipwe kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unategemea malipo hayo. Yakobo 5:4 anasema kwamba ujira uliozuiwa unapiga kelele, na Mungu anasikia.

Wengine watasema, "Mimi si tajiri, nina cherehani moja tu." Lakini yule binti anayekusaidia kushona vifungo, huyo kwake wewe ndiye tajiri. Msichana aliyetoka kambini ukamwambia "njoo mjini nikusaidie," akawa anabeba vitenge vyako tangu asubuhi hadi jioni kwa chakula tu, bila kujua siku ya malipo, huyo naye ni kipimo cha haki yako. Mpe kazi kwa maneno yaliyo wazi: saa ngapi, kiasi gani, analipwa lini. Kama hana umri wa kufanya kazi, mahali pake ni shuleni.

6. ZAKAYO ALIREKEBISHA

Luka 19 inatuonyesha mtu aliyekuwa amejaza nyumba kwa vipimo vya uongo. Yesu alipoingia kwake, Zakayo hakusema tu, "Nisamehe." Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kwa aliyedhulumiwa, mara nne. Toba yake ilifika mfukoni.

Tusiogope mfano huo kwa kuwa hatuna mali ya Zakayo. Toba ya mwenye kioski inaweza kuanza kwa kutupa kopo bovu na kununua jingine. Inaweza kuwa ni kumwongezea mteja wa zamani kopo moja na kumwambia sababu. Inaweza kuwa ni kupiga simu kwa mwanamke wa likelemba ambaye hukummalizia, na kupanga naye kulipa kidogo kidogo kila wiki. Itakuwa ni aibu kwa dakika tano. Lakini ni bora aibu hiyo kuliko kupita njia ya nyuma kila siku ili usikutane naye.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini, kwa maoni yenu, amri ya vipimo katika Walawi 19 inafuata mara moja baada ya amri ya mgeni?

2. Leteni kwenye kikundi kopo, debe au kikombe mnachopimia. Vipimeni kwa maji. Mmeona tofauti gani?

3. Ndugu ana mahindi ya mgao na mtoto mgonjwa, anataka fedha upesi. Wewe una fedha. Utamlipa bei gani, na utaipataje bei hiyo ya haki?

4. Mama anauza vitenge. Mteja mwenyewe anasema, "Hiki ni Hollande, sivyo?" Mama akinyamaza, amesema uongo?

5. Kijana wa kanisa anawaalika mwingie katika mpango wa fedha ambao yeye tayari ameshalipwa mara mbili. Mtamjibuje bila kumdharau?

6. Watoto wenu wanawaona mkiuza. Wamejifunza nini kwenu juu ya kweli?

Wakubwa waanze na swali la 2. Si zuri kulipita, hata kama kuna atakayeona haya. Kila mtu alete chombo chake bila kukibadilisha.

KAZI YA WIKI

Kila familia ichague jambo moja tu la kurekebisha: kopo, daftari la madeni, malipo ya msaidizi, au deni la zamani. Wiki ijayo kila kikundi kitaulizana, kwa upole, lilifikia wapi.

SALA

Ee Mungu uliyewatoa watu wako Misri, umetuona tukivuka mipaka usiku, umetulinda ugenini. Tunakushukuru kwa nchi hii iliyotupokea na kwa majirani wetu wa Kyebando na wa kambini. Utupe riziki ya leo kwa njia iliyo safi. Uwakumbuke wote wanaouza juani, na uwarudishe salama jioni. Utuondolee mkono wa anayetuonea, na uondoe mkono wetu juu ya yule tuliyemwonea. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo. Amina.